Maganda Mabovu ya Bwana Marumaru

Nilifika Dubai nimechoka kuliko mzigo wangu, maana mzigo ulilala njia nzima. Kutoka Kitale nilipanda lori la vitunguu hadi Eldoret, kwa kuwa wakala aliyenitafutia kazi alisema nauli ya basi "imo ndani ya mpango," na mimi nilikuwa sijajua kwamba vitu vilivyomo ndani ya mpango huwa havitoki nje. Kutoka Eldoret nikapanda basi hadi Nairobi, nikinuka vitunguu kiasi kwamba jirani yangu wa kiti alihamia nyuma akidai ameona shemeji yake. Kisha ndege. Kisha uwanja wa nchi ya watu, ambako tuliambiwa tungoje kidogo, na hicho kidogo kikawa kutwa kucha tumelalia mabegi. Kisha ndege tena. Nilipotoka nje, joto la Dubai lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria ya githeri uliyoifunua huku umeinama. Basi la kampuni likatupitisha mbele ya majengo yote yaliyokuwa kwenye picha za wakala, halikupunguza mwendo hata kwa moja, likatushusha Muhaisnah, kwenye kambi ya wafanyakazi, kwenye vitanda vya ghorofa. Muhaisnah haikuwa kwenye picha.

Nyinyi vijana mkija kunisalimia mnauliza swali moja: ni kweli ulikuwa unashika bunduki huko? Hapana. Nilikuwa nashika maganda. Naona nyuso zinavyoanguka. Kaeni hata hivyo, chai bado ipo.

Ganda ni kile kikopo cha shaba kinachobaki risasi ikishaondoka. Kwenye filamu mpelelezi hukiokota, akakitazama kwa huzuni, akakitia mfukoni. Kwenye klabu ya shabaha hakuna huzuni. Kinaokotwa, kinasafishwa, kinapimwa, kinarudishwa umbo lake, kinatiwa fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na kichwa kipya, kisha kinarudi kazini kulipuliwa upya. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya mkataba ataelewa.

Nilikwenda kama mlinzi. Mwanzo nililinda ghala la viti vya plastiki Al Qusais, na nawahakikishia hakuna mwizi aliyewahi kuvitamani. Kisha kampuni ikanipeleka kwenye klabu moja ya shabaha nje ya mji, mahali pa kibali na kamera kila kona, wanachama wakija na magari safi kuliko sahani zetu. Pale palikuwa na chumba cha kujazia risasi kwa mkono, na bwana wa chumba hicho alikuwa Mganda tuliyemwita Ssalongo, jina ambalo kwao hupewa baba wa mapacha. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye majivuno ya kuwatosha watu wanne.

Alikuwa akitafuta msaidizi. Hakuuliza vyeti. Alikuja kwenye kibanda cha walinzi na sinia za maharagwe makavu, akatugawia.

"Chambueni, ssebo," akasema. Kwao ssebo ni bwana, lakini yeye alilitamka kama anayekufukuza.

Wenzangu walitoa mawe, wakamaliza upesi, wakajisifu. Mimi nililelewa na nyanya asiyesamehe. Nilitoa mawe, nikatoa yaliyotobolewa, nikatoa yaliyosinyaa, kisha nikatenga makubwa na madogo.

"Nani kakwambia utenge?"

"Yakipikwa pamoja, madogo yanakuwa uji na makubwa yanabaki mawe."

"Kesho uje kwangu," akasema, akakusanya maharagwe yake yote akaondoka. Baadaye tukatambua kwamba tulikuwa tumemchambulia chakula cha wiki nzima.

Huo ndio ufundi wenyewe, ningeweza kukomea hapo. Lakini najua mtaniambia shaba ni shaba tu, kwa hiyo sikilizeni. Ganda likitoka kiwandani linaonekana duara kamili. Si kamili. Mara nyingi ukuta wake ni mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, kama chapati ya mtu mwenye haraka. Baruti ikiwaka ndani, upande mwembamba hutanuka zaidi, na ganda linapinda kama ndizi. Huoni kwa macho. Lakini kichwa cha risasi kimeshikwa na shingo ya ganda, na shingo ikielekea kando, kichwa nacho kinaingia kwenye mtutu kimeinama upande kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Kitatoka, ndiyo. Ila hakitaenda ulikokituma.

Ssalongo alikuwa na kipande cha kioo cha dirisha juu ya meza. Unalaza risasi juu yake, unaisukuma kwa kidole ibingirike, unatazama ncha. Ikitulia, ni nzuri. Ikicheza, ina jambo. Tulikuwa pia na kipimo chenye mshale, cha bei ya kutisha, lakini yeye alianza na kioo kila mara. "Mshale unakupa namba," alikuwa akisema. "Kioo kinakupa tabia."

Kitakoni mwa ganda kuna tundu dogo, fataki hupitishia humo cheche kwenda kwenye baruti. Kiwandani wanalitoboa kwa kugonga, basi kinabaki kinundu cha shaba kwa ndani, na cheche ikikikuta inakwenda kombo. Unakikwangua. Halafu kuna nafasi ya ndani: ganda zito lina nyama nyingi ukutani, kwa hiyo baruti inabanwa zaidi, jepesi ni kinyume chake. Unayatenga kwa mizani, mazito na mazito, mepesi na mepesi. Nyanya yangu angeajiriwa pale bila mahojiano. Halafu shingo. Shaba ukiitanua na kuibana mara kwa mara inakuwa ngumu, kama mlinzi aliyehamishwa lindo mara nyingi. Shingo moja inakamata kichwa kama mdai, nyingine inakiachia kama mjomba mlevi. Dawa yake ni moto kidogo shingoni, kwa mkono wa mtu anayejua pa kuachia.

Na msidanganywe na mng'ao. Meneja wetu, mwanamke mrefu tuliyemwita madam tu, aliagiza maganda yang'ae ili yawapendeze wageni. Kazi wakapewa walinzi wa zamu, na mlinzi ukimwambia shaba, anajua jambo moja: vifungo vya sare. Wakachukua dawa ile ile ya vifungo, ile inayotoa machozi, wakasugua sanduku zima. Yaling'aa kama meno ya wakala. Dawa ile ina amonia, na amonia huipasua polepole shaba iliyochoka, nyufa zikianza mahali usipoziona. Ssalongo aliyaponda yote kwa nyundo, moja moja, mlango ukiwa wazi ili madam asikie vizuri.

Sasa niwaeleze desturi iliyotuweka mjini.

Mwanachama wa klabu hakuwahi kukosa shabaha. Upepo ulikosa. Jua lilikosa. Mke wake alipiga simu wakati mbaya. Na mwisho wa yote, risasi ilikosa. Basi alikuja kwenye dirisha letu na ganda la moto bado mkononi, akasema, "Angalia hili." Ssalongo alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza kwenye mwanga, akaguna. Kisha akainama chini ya meza kana kwamba anatafuta miwani. Huko chini tulikuwa na trei ya maganda mabovu kuliko yote, yale tuliyoyakataa. Alilitupa la mwanachama, akaibuka na la kwenye trei, akaliweka kwenye kipimo, mshale ukaruka.

"Sir, umeona? Ukuta umekwenda upande. Ungewezaje?"

Na sir alirudi kwa wenzake akilipitisha mkono kwa mkono kama cheti cha daktari. Tuliiita kasoro ya heshima. Ssalongo alijivunia uvumbuzi huo kuliko mapacha wake. Wateja walifurahi, tipu ilikuja, amani ilitawala. Ila nilipata kumuuliza: mtu ambaye kila wiki anakuonyesha kwamba kazi yake ni mbovu, siku ukimwamini, utamfanyaje?

"Hawawezi kuniamini," alinijibu. "Wanajipenda tu."

Kuna mmoja alimwamini. Alikuwa mfanyabiashara wa vigae na marumaru. Jina lake na kwao nitaviacha, Dubai watu wa aina yake hutoka kila upande wa dunia. Sisi tulimwita Bwana Marumaru. Alikuwa na bunduki nzuri kuliko zote pale klabuni na ugonjwa mmoja: kabla hajavuta kifyatulio, mwili ulishasikia mshindo. Bega lilisukuma mbele, macho yakafumba, mtutu ukainama. Risasi zake zote zilikwenda chini kushoto, kila siku, kwa uaminifu ambao ungempatia mtu nishani mahali pengine. Alipewa kasoro za heshima nyingi kuliko mwanachama mwingine yeyote, akazitunza kwenye gari.

Kisha kwenye mashindano ya wanachama akashindwa na binamu yake, mtu aliyeazima bunduki. Kesho yake Bwana Marumaru aliingia ofisini kwa madam na mfuko, akaumwaga mezani. Maganda yakabingirika mpaka sakafuni.

"Haya yote ni mabovu," akasema. "Na si maneno yangu. Fundi wako mwenyewe ndiye aliyeniambia, kila mara."

Ssalongo aliitwa. Angesema nini? Kwamba maganda yale hayakuwahi kuingia kwenye bunduki ya sir? Kwamba alikuwa anambembeleza kama mtoto aliyejikwaa, anayepigiwa sakafu? Alisimama pale, na kwa mara ya kwanza majivuno yalimtosha mtu mmoja tu.

Madam hakuwa mkatili, alikuwa meneja. "Viza yako inaisha mwezi huu," akamwambia. "Jumamosi sir atapiga tano mbele yangu, kwa risasi ulizozijaza wewe. Zikikosa katikati, siiongezi. Khalas, imekwisha." Nje kwenye ujia akanigeukia mimi. "Na wewe jiandae. Kile kiti hakitakaa wazi."

"Yes, madam," nikasema. Nami niwe mkweli, kiti kile kilikuwa na mto, na hewa baridi ilitokea nyuma yake moja kwa moja.

Ijumaa nilimfuata Ssalongo chumbani kwake Al Baraha, kwenye fleti kuukuu waliyogawana watu wengi kuliko milango. Alikuwa anakoroga maharagwe. Mapacha wake walikuwa Masaka, wote wawili katika kidato cha mtihani, na shule yao ilikuwa imeegemea kiti kile kile nilichokuwa nakiwaza.

"Jaza zile nzuri kabisa," nikamshauri.

"Nzuri zangu akizipiga yeye, zitakwenda wapi?"

"Chini kushoto."

"Na mbaya?"

"Popote."

"Sasa ushauri wako uko wapi, ssebo? Hata chumvi hauna."

"Basi mwambie madam ukweli. Mwambie anashtuka."

"Nimwambie kwamba mtu aliyewatandazia marumaru ukumbi wote anashtuka kama kuku? Wewe kiti unakitaka kweli." Aliendelea kukoroga, kisha mwiko ukasimama. "Umesema mbaya zinakwenda popote. Kwa nini popote?"

"Kwa sababu upande mnene unakaa popote. Mara juu, mara chini."

"Na ukikaa mahali pamoja kila mara?"

Nikafikiri. "Risasi itatupwa upande mmoja kila mara."

"Kama juu kulia," akasema, akaonja mchuzi, akacheka peke yake mpaka mtu wa kitanda cha juu akamwambia anyamaze.

Basi tulipokwisha kula maharagwe yake, jioni ile hatukuchambua mazuri. Tulirudi klabuni, tukamwaga trei ya kasoro za heshima, tukachambua ubovu. Kupata maganda matano yaliyoharibika kwa kiasi kimoja ni kazi kuliko kupata sanduku la mazuri. Tuliyapima kwa mshale, tukayachora mstari kwa kalamu ya wino mzito pale ukuta ulipozidi. Ssalongo alijaza ya kujaribia, akalaza bunduki ya klabu juu ya mifuko ya mchanga, akafyatua mara mstari ukiwa juu, mara chini, mara ubavuni, hadi akajua ganda lielekee wapi ili lirushe juu kulia. Lilipaswa kuingia mstari ukiwa juu. Mabingwa wa shabaha wakisikia haya watacheka, watasema tofauti yenyewe ni ndogo. Ni ndogo. Lakini shabaha ya Bwana Marumaru ilikuwa mbali, na umbali hukuza kila kitu kidogo.

Jumamosi madam alisimama nyuma na miwani ya jua. Ssalongo aliwekwa mbali, asiguse kitu. Bunduki ilikuwa ya kulishwa risasi moja moja, na kazi yangu ilikuwa kumpa sir mkononi.

"Mstari juu, sir," nikamwambia. "Halafu bismillah."

"Kwa nini mstari?"

"Ni daraja maalumu, sir. Hatuwapi wote."

Akaridhika, akawa anaiingiza kila risasi kama nilivyompa, bila kuitazama. Binadamu ukimpa maelekezo yanayofanana na siri, hatauliza tena.

Akapiga ya kwanza. Bega likasukuma, macho yakafumba, kila kitu kama kawaida yake. Nikampa ya pili. Sasa fikirieni nyinyi mnaopenda kuhubiri. Ilikuwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Kuizungusha robo tu, mstari ukae ubavuni, na hakuna kamera duniani ambayo ingeona. Kiti kina mto. Nilikiwaza kwenye ya pili, nikakiwaza kwenye ya tatu, na kwenye ya nne nikatazama kule mbali alikosimama Ssalongo. Hakuwa anatazama shabaha. Alikuwa anatazama vidole vyangu, na midomo yake inachezacheza. Nikampa sir ya nne mstari juu. Nikampa ya tano mstari juu. Nilikuwa nimekula maharagwe ya yule mtu, na kwetu hicho si kitu kidogo.

Shabaha ikaletwa. Tano zote zilikuwa katikati, ungezifunika kwa kikombe cha kahawa.

Bwana Marumaru akaisogelea. Alipitisha kidole kwenye matundu kama anayemtambua jamaa aliyepotea. Kisha akamgeukia madam.

"Nilikwambia tatizo ni maganda."

"Ulisema, sir," madam akajibu.

Akamwita Ssalongo, akamkumbatia mbele ya watu. "Kumbe unajua. Kuanzia leo nataka haya haya tu. Yale ya zamani wape wengine."

Viza ikaongezwa wiki hiyo hiyo, na mapacha wakafanya mtihani wao. Ingekuwa hadithi ya watoto, ningewaambieni laleni.

Lakini mtu aliyepona hawezi kuficha dawa. Bwana Marumaru aliwagawia rafiki zake daraja maalumu. Rafiki waliopiga sawasawa walikuta risasi zao zimehamia juu kulia, wakalalamika, naye akawajibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kufika: "Tatizo ni wewe." Kwa kuwa alikuwa na marumaru nyingi na sauti kubwa, walimwamini. Madam akaona biashara. Akaagiza daraja maalumu liwe la klabu nzima. Na wale waliojua kupiga, ili wasiaibike, walijifunza polepole kusukuma bega kabla ya mshindo. Haukupita muda, klabu yote ilikuwa inashtuka kwa pamoja, na inapata.

Maganda mabovu ya asili yakatuishia. Hapo ndipo nilipoitwa ofisini nikapandishwa cheo: nikae na tupa ndogo, nichukue maganda mazuri, niyakwangue shingo upande mmoja, kwa uangalifu, ubovu uwe wa kiwango. Nilipewa kiti kipya. Kilikuwa na mto. Nilikalia mto huo nikikwangua shaba safi, na kila siku nikamwona nyanya yangu amesimama mlangoni ananitazama nikitoboa maharagwe mazima.

Mnapenda kusema mimi sikai mahali, miguu inaniwasha. Ni kweli, nimeondoka Juba, nimeondoka Mombasa, na hata hapa Kitale msininunulie kitanda kikubwa. Nilianza kuota mvua juu ya bati. Lakini Dubai niliondoka kwa ajili ya tupa ile. Jifunzeni hilo kabla wakala hajawapiga picha: kazi ngumu mtaizoea, joto mtalizoea. Siku mkilipwa vizuri kuharibu kile mlichofundishwa kukitengeneza, tazameni mlango uko wapi.

Siku ya kuondoka nilipitia chumba cha kujazia nikiwa na begi. Nje basi la kampuni lilikuwa limeshawasha injini, na dereva anapaza sauti, yalla, yalla, twendeni. Ssalongo aliinama chini ya meza. Trei ilikuwa bado pale pale, ila sasa ilijaa maganda mazuri, yaliyokataliwa. Akachagua moja, akaniwekea kiganjani.

"Hili nimelitafuta tangu nije nchi hii," akasema. "Ukuta wake hauna mnene wala mwembamba. Beba."

"Nitapita nalo vipi uwanja wa ndege? Watanilaza ndani."

Akaguna. Akalichukua, akalilaza juu ya kile kioo, akalisukuma kwa kidole. Likabingirika kutoka mwanzo wa kioo hadi mwisho bila kutikisika hata chembe, na sisi wawili tulilitazama kama watu wanaotazama mtoto akitembea. Akalirudisha. Tukalitazama tena.

Dirishani mtu akagonga. Alikuwa mwanachama mpya, ganda la moto mkononi, uso umekunjamana. Kumbe alikuwa hajafundishwa kushtuka, na daraja maalumu lilimtupia juu kulia.

"Angalia hili," akasema.

Ssalongo alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza kwenye mwanga. Kisha, kana kwamba anatafuta miwani, akachukua lile la kwenye kioo, akaliweka kwenye kipimo. Mshale haukusogea.

"Sir, umeona?" akasema. "Ukuta umenyooka kabisa. Ungewezaje?"